Uduvi wanakufa mmoja mmoja na maji ni masafi? Tuanzie kwenye gamba

#1 (mwanzisha uzi)

Habari zenu wadau wa akwaria.

Kuna swali linalojirudia kila mara kwa wanaoanza kufuga uduvi wa mapambo, hawa kamba wadogo wa maji yasiyo na chumvi: "Tenki ni safi, nawalisha vizuri, sioni kidonda wala fangasi, lakini kila baada ya siku mbili tatu nakuta mmoja amelala ubavu." Anayeuliza huwa tayari kashajaribu dawa mbili au tatu. Uzi huu nauanzisha kwa ajili yake, maana nami nilipita njia hiyo hiyo na nikapoteza kundi zima kabla sijaelewa kitu.

Kundi langu la kwanza lilikuwa la uduvi wekundu kumi na watano, Neocaridina davidi, kwenye tenki la lita 30. Niliwapenda mno. Kwa kuwapenda huko, kila Jumapili nilitoa nusu ya maji na kuweka mapya. Jumanne au Jumatano nakuta maiti. Jumapili inayofuata natoa maji mengi zaidi, nikiamini kuna uchafu nisiouona. Maiti zikaongezeka. Baada ya wiki kumi alibaki mmoja.

Siku moja nilimtoa aliyekufa muda si mrefu nikamwangalia kwa lenzi. Nyuma ya kichwa, pale gamba linalofunika kichwa na kifua linapokutana na pingili za mkia, palikuwa na mstari mweupe uliomzunguka mzima kama pete. Hakufa kwa ugonjwa. Alifia katikati ya kujivua gamba.

Sasa nieleze hilo gamba, maana ukilielewa, mengine yote ya ufugaji huu utayaona yanatoka hapo.

Uduvi hana mifupa ndani; kinachomshikilia ni gamba la nje, na gamba halikui. Ili mwili ukue ni lazima alivue na kutengeneza jingine. Mtoto hujivua kama mara moja kwa wiki, mkubwa kila wiki tatu hadi sita hivi, kutegemea joto na chakula. Siku chache kabla, mwili huanza kurudisha ndani sehemu ya madini ya gamba la zamani huku jipya, laini, likijengwa chini yake. Saa ikifika huvuta maji mwilini akavimba, gamba la zamani linafunguka mgongoni nyuma ya kichwa, naye anajikunja na kuruka kinyumenyume kutoka ndani yake. Tendo lenyewe ni la sekunde chache tu. Baada ya hapo anajificha, mlaini kabisa, mpaka gamba jipya liwe gumu kwa kalsiamu anayoipata kwenye maji, kwenye chakula, na kwenye lile gamba kuukuu ambalo atarudi kulitafuna. Kwa hiyo ukikuta gamba tupu chini ya tenki, liache hapo. Ni akiba yao.

Mambo matatu huharibu zoezi hili. La kwanza, maji yana madini machache mno: gamba jipya linakuwa dhaifu na uduvi hana nguvu za kulimaliza zoezi. La pili, maji ni magumu kupita kiasi na gamba la zamani linakataa kufunguka. La tatu, ambalo ndilo lililoniulia mimi, ni mabadiliko ya ghafla. Ukimwaga maji mapya mengi yenye madini machache kuliko yaliyopo, maji yanaingia mwilini mwake kwa kasi asiyoizoea, na anasukumwa kujivua kabla gamba la ndani halijawa tayari. Linapasuka pande zote badala ya mgongoni tu, hawezi kujisukuma nje, anachoka, anakufa. Pete nyeupe ndiyo alama ya hilo. Na haiji siku ile ile ya kubadilisha maji. Huja siku ya pili au ya tatu, ndiyo maana mtu haunganishi tukio na chanzo.

Nilipoanza upya nilibadili mambo machache tu. Nikapima maji. Nikaacha kutoa nusu. Natoa sehemu moja ya kumi kwa wiki, na maji mapya nayarudisha kwa mpira mwembamba wa hewa, yakitiririka kidogo kidogo kwa zaidi ya nusu saa. Nikahakikisha joto la ndoo linalingana na la tenki. Kundi hilo la pili bado ninalo, vizazi na vizazi, sasa mwaka wa sita.

Karibuni kwa maswali na nyongeza.

#2

Asante sana mkuu, umenifungua macho. Mimi nilidhani yale magamba ni maiti, nimekuwa nikiyatoa kwa wavu kila asubuhi na kuhuzunika bure. Unatofautishaje kwa haraka bila kumgusa?

#3 (mwanzisha uzi)

Gamba tupu linapitisha mwanga, ni jepesi kama kipande cha nailoni, linayumba na mkondo wa filta, na ukiangalia vizuri utaona mwanya nyuma ya kichwa. Macho yake ni matundu matupu. Maiti ina uzito, inakaa chini, na nyama yake hubadilika kuwa ya pinki au nyeupe isiyopitisha mwanga, kama aliyechemshwa. Maiti toa mapema kwa sababu ikioza inazalisha amonia. Ukiwakuta wenzake wanamtafuna usifikiri ndio waliomuua. Uduvi hula waliokwisha kufa.

Na usihuzunike, ulichokuwa unakitoa ni dalili ya afya. Tenki ambalo huoni magamba kabisa kwa mwezi mzima ndilo la kuulizia.

#4

Mkuu umesema "nikapima maji" ukapita haraka. Sisi wengine hapo ndipo tunapokwama. Unapima nini, na namba zipi?

#5 (mwanzisha uzi)

Uko sahihi, niliruka.

Kwa Neocaridina mimi naangalia hivi. Ugumu wa jumla, ule ulioandikwa GH kwenye vipimo vya matone, uwe kati ya 6 na 10. Huo ndio unaokuambia kalsiamu na magnesiamu zipo kiasi gani, kwa hiyo ndio unaohusu gamba moja kwa moja. KH, inayozuia pH (kipimo cha asidi ya maji) isiyumbe, kuanzia 2 hadi 8. pH yoyote kati ya 6.5 na 8 wanaikubali. Joto nyuzi 20 hadi 26. Halafu kuna kile kijiti cha umeme cha TDS kinachosoma jumla ya vitu vilivyoyeyuka kwenye maji: 150 hadi 250 ni pazuri kwao.

Kijiti cha TDS hakikuambii ni madini gani yamo, kinajumlisha tu. Maji yenye chumvi ya kawaida yanaweza kusoma 200 na yasiwe na kalsiamu hata chembe. Faida yake kubwa ni kulinganisha: chovya kwenye tenki, chovya kwenye ndoo ya maji mapya. Namba zikikaribiana, endelea kwa amani. Zikiachana sana, punguza kiasi na mwendo.

Jambo moja linalosahaulika: maji yanayopungua kwa kukauka. Yanayoondoka ni maji peke yake, madini yanabaki. Ukijazia ya bomba kila mara, unaongeza madini juu ya madini, na baada ya miezi michache tenki lililoanza na 180 linasoma 350 bila wewe kujua. Cha kujazia kiwe maji yasiyo na madini, yaliyotoneshwa (mvuke uliopozwa) au yaliyopitishwa kwenye mtambo wa RO, ule unaochuja madini. Ya bomba yabaki kwa ile asilimia kumi ya wiki.

#6

Nitatofautiana kidogo na mwanzisha uzi, kwa heshima. Nafuga uduvi wa njano mwaka wa nne. Nabadilisha karibu nusu ya maji kila wiki mbili, sijawahi kuona hiyo pete, na wanazaana hadi nawagawia watu. Sioni kwa nini tuwatishe wageni na asilimia kumi kumi kama vile uduvi ni yai.

#7 (mwanzisha uzi)

Naomba unisaidie kitu kimoja mkuu: TDS na GH ya maji yako ya bomba, na ya tenki lako siku moja kabla ya kubadilisha.

#8

Nimepima sasa hivi. Bomba: TDS 190, GH 8. Tenki: 205, GH 8.

#9 (mwanzisha uzi)

Basi jibu liko hapo, na nakushukuru kwa kulileta kwa sababu umenyoosha maelezo yangu. Kwako wewe nusu ya maji hayo ni karibu maji yale yale. Uduvi hahisi tofauti. Mimi maji yangu ya bomba yalikuwa laini mno, GH 2, wakati tenki lilikuwa na mawe ya chokaa yaliyoipandisha hadi 11. Kila Jumapili nilikuwa nawahamisha mto bila kuwatoa nyumbani.

Kwa hiyo nairekebisha kauli yangu ya mwanzo: kinachoua ni tofauti kati ya maji mawili ikizidishwa na kasi ya kuyachanganya. Kiasi peke yake hakina hatia. Asiye na vipimo abaki kwenye asilimia kumi, kwa sababu hajui tofauti yake ni ipi. Mwenye vipimo na maji yanayolingana kama wewe ana uhuru zaidi.

#10

Hapo tumeelewana kabisa. Ila niongeze: maji yangu yana klorini, natumia dawa ya kuiondoa kila mara. Kuna wanaoacha ndoo wazi usiku kucha wakaona inatosha. Kwa klorini ya kawaida inatoka hewani, hasa ukiweka pampu ya hewa. Lakini mamlaka nyingi za maji hutumia kloramini, na hiyo haitoki kwa kuacha ndoo wazi. Inahitaji dawa.

#11

Nimefurahia uzi. Mimi bado sijaanza, tenki liko tupu. Nina hamu ya wale wenye mistari myekundu na myeupe, wanapendeza kupita maelezo. Naweza kuanza nao?

#12 (mwanzisha uzi)

Ndugu, nakusihi anza na Neocaridina. Si kwa sababu wale hawafai, ila wanadai maji ya aina nyingine kabisa.

Wenye mistari unaowasema ni wa jenasi ya Caridina. Wekundu na weupe hao walitokana na uduvi weusi na weupe wa kusini mwa China. Mfugaji wa Kijapani Hisayasu Suzuki ndiye aliyepata rangi nyekundu kundini mwake katika miaka ya 1990 na kuikuza kwa kuchagua wazazi kizazi baada ya kizazi. Kwao ni vijito vyenye maji laini, ya asidi kidogo, ya ubaridi wa wastani. Ukiwafuga unalenga pH chini ya 6.8, KH sifuri au 1, GH 4 hadi 6, TDS 100 hadi 150, joto 20 hadi 24. Karibu kila mtu anafika huko kwa udongo maalumu wa akwaria unaoshusha pH, na maji ya RO yaliyoongezewa madini ya uduvi. Udongo huo mwanzoni hutoa amonia kwa wiki kadhaa, na nguvu yake ya kushikilia pH huisha baada ya mwaka mmoja au miwili. Yote yanawezekana, lakini ni kazi ya mtu aliyekwisha kuzoea kusoma namba zake.

Wapo pia wa maziwa ya kisiwa cha Sulawesi, Indonesia, mfano Caridina dennerli wa ziwa Matano, mwekundu mwenye vidoti vyeupe. Hao wanataka kinyume: joto nyuzi 27 hadi 29 na pH karibu 8. Ni wagumu, na porini wako hatarini kutoweka, kwa hiyo anayewachukua awe na uhakika wa kuwazalisha.

Na wale wakubwa wasio na rangi, Caridina multidentata, mpiga picha Mjapani Takashi Amano ndiye aliyewapa umaarufu kwa kuwatumia kula mwani kwenye tenki zake za mimea. Kazi hiyo hawana mpinzani. Ila jike akibeba mayai usitegemee watoto, kwa sababu lava wao (vitoto vinavyoanguliwa bila kuwa uduvi kamili) wanahitaji maji ya chumvi ili wakue, kisha ndipo warudi kwenye maji matamu. Neocaridina wao wanaanguliwa wakiwa uduvi kamili, wadogo kama koma iliyoandikwa na kalamu, na wanaanza kula siku hiyo hiyo.

#13

Na tenki tupu nililonalo, naweza kuweka maji wikiendi hii na uduvi Jumatatu?

#14 (mwanzisha uzi)

Hapana ndugu yangu, hapo ndipo wengi wanapoumia kabla hata ya kufika kwenye suala la gamba.

Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati. Amonia na nitriti ni sumu kali kwa uduvi. Nitrati wanaivumilia ikiwa chini, mimi sipendi ivuke 20. Bakteria hao wanahitaji wiki nne hadi sita kujenga makazi kwenye sponji na changarawe. Washa filta, weka mimea, tia chembe ya chakula mara kwa mara ili kuwe na amonia ya kuwalisha, na pima. Amonia itapanda, itashuka, nitriti itapanda, itashuka. Zote mbili zikisoma sifuri kwa wiki nzima, bakteria wako kazini.

Hata hivyo mimi naongeza mwezi mwingine, kwa sababu ya utando. Ule ute mwembamba unaoota kwenye glasi, mawe na majani, wenye bakteria, mwani na vijidudu, ndio chakula halisi cha uduvi mchana na usiku. Utawaona wakichokonoa kwa vikono vyao bila kupumzika, wanavuna utando. Tenki jipya linalong'aa halina cha kuvuna. Filta iwe ya sponji inayoendeshwa kwa pampu ya hewa: haivuti watoto, na sponji yenyewe inakuwa malisho. Weka mosi ya Java (mmea mdogo wa majini unaoota kwa vichaka laini) kwa wingi, na majani makavu ya mkungu, yale mapana yanayogeuka mekundu yakianguka. Majani hayo yanatoa rangi ya chai kwenye maji, haina madhara, na yanapooza polepole yanashika utando mzuri kuliko kitu chochote nilichowahi kuweka.

Siku ya kuwaleta, wamimine kwenye chombo pamoja na maji waliyokuja nayo, kisha vuta maji ya tenki lako kwa mpira wa hewa uliofungwa fundo, tone moja au mawili kwa sekunde, hadi maji yawe mara tatu ya mwanzo. Inachukua saa moja hadi mbili. Halafu watoe kwa wavu. Maji ya mfuko usiyaingize tenkini.

#15

Mimi kisa changu ni tofauti na cha gamba, na nakiandika ili kisimpate mwingine. Nilikuwa na uduvi wa bluu karibu sitini. Jioni moja niliwaona wanazunguka tenki nzima kwa kasi, kama wamechanganyikiwa, wengine wanapinduka. Asubuhi walikuwa wamekufa wote, hakubaki hata mmoja. Samaki kwenye tenki la jirani wazima kabisa. Siku hiyo mchana niliingiza mmea mpya niliokuwa nimeununua, nikausuuza kwa maji tu.

#16

Pole sana dada, hasara ya namna hiyo inauma. Hiyo inafanana na dawa ya wadudu kwenye mmea. Mashamba ya mimea ya akwaria mengi huikuza ikiwa nje ya maji, na hupuliziwa dawa. Uduvi yuko kundi moja kubwa na wadudu, wote ni viumbe wa miguu ya pingili, kwa hiyo dawa ya kuua mdudu inamuua uduvi kwa njia ile ile, kwa kiasi ambacho samaki huenda asionyeshe dalili yoyote. Dawa za jamii ya pairethroidi ni hatari zaidi: zile zile za kupulizia mbu chumbani. Pampu ya hewa inanyonya hewa ya chumba na kuiingiza majini, kwa hiyo ukipulizia humo ni kama umepulizia tenki.

Mimi kila mmea mpya naulaza kwenye ndoo peke yake wiki mbili hadi tatu, nikibadilisha maji kila siku mbili. Au natafuta iliyokuzwa kwenye jeli maabara, hiyo haina dawa wala konokono.

#17 (mwanzisha uzi)

Naunga mkono kila neno la #16, na pole sana dada. Niongeze shaba. Dawa nyingi za magonjwa ya samaki zina shaba, na shaba ni sumu kwa uduvi. Tenki lililowahi kutibiwa kwa shaba usiliamini, kwa sababu hubaki kwenye changarawe na silikoni.

Kwa hiyo mwenye vifo ajiulize kwanza vimekujaje. Mmoja mmoja kwa wiki, tena baada ya kugusa maji, fikiria gamba na madini. Wengi kwa usiku mmoja, fikiria sumu, au kukosa hewa kama kulikuwa na joto kali. Wanaokufa siku chache tu baada ya kuletwa nyumbani, fikiria safari na namna ulivyowaingiza.

#18

Ngoja niulize la furaha. Jike wangu alikuwa na kitu cha njano mgongoni nyuma ya kichwa, juzi usiku madume yakawa yanaogelea huku na huko kama yamepandwa na mzuka, leo nimeona mayai chini ya mkia. Je, ni kawaida? Na nifanye nini ili asiyaangushe? Mara iliyopita alibeba siku nne tu yakapotea.

#19 (mwanzisha uzi)

Hongera sana! Ni kawaida, na tazama jinsi gamba linavyorudi tena. Kile cha njano wafugaji tunakiita tandiko, kwa sababu kinakaa kama tandiko juu ya mgongo wa farasi. Ni mayai yakiwa bado kwenye ovari, yanaonekana kupitia gamba. Jike hupandwa mara tu baada ya kujivua, akiwa mlaini. Anapojivua huachia harufu majini, na madume humtafuta kwa fujo hiyo uliyoiona. Kisha mayai, ishirini hadi thelathini hivi, yanashuka chini ya mkia na anayashika kwa vile vijiguu vya kuogelea.

Atayabeba wiki tatu hadi nne kutegemea joto. Utamwona akiyapepea muda wote ili yapate hewa na yasiote ukungu. Karibu na mwisho, kwa lenzi, utaona vidoti viwili vyeusi kwenye kila yai: macho.

Kuhusu kuyaangusha: mayai yameshikamana na vijiguu, na vijiguu ni sehemu ya gamba. Akijivua kabla hayajaanguliwa, yanaondoka na gamba. Ndiyo maana hasa wakati huu usimchokoze kwa maji mapya mengi. Jike anayebeba kwa mara ya kwanza pia huyaangusha mara nyingi bila kosa la mtu, au yanakuwa hayakurutubishwa, kwa hiyo usijilaumu kwa lile la kwanza. Usimhamishe kwenye tenki jingine kwa kumwonea huruma. Mshtuko wa kuhamishwa ndio unaoleta unachokiogopa.

Una samaki humo?

#20

Wapo gapi watano. Na uduvi wenyewe ni mchanganyiko, wekundu sita, bluu wanne, njano watano.

#21

Hapo nijibu mimi wa njano (#6). Gapi hawatamgusa mama, lakini watakula watoto wote wanaowaona. Mosi ikiwa nene sana watapona wachache. Samaki ninayemwamini na watoto ni Otocinclus, anakula mwani tu.

Rangi: nyekundu, bluu na njano zote ni Neocaridina davidi mmoja, wanazaana bila kizuizi. Mjukuu wa nyekundu na bluu hatakuwa zambarau. Baada ya vizazi vichache wengi watarudi rangi ya asili ya porini, kahawia au kijivu kinachopitisha mwanga. Afya yao itakuwa nzuri, ila rangi uliyoipenda itapotea. Ukitaka kuilinda, rangi moja tenki moja, na kila mara waondoe waliofifia wasizae.

Na tafadhali, waliofifia wasitupwe mtoni wala kwenye bwawa. Uduvi hawa wameshajikita porini Ujerumani, Poland na Hungaria baada ya kuachiliwa na wafugaji. Wape watu, au wawe na tenki lao. Kwangu hilo la kutowatupa ndilo muhimu kuliko yote.

#22

Swali fupi. Naona vinyuzi vyeupe vifupi kwenye pua ya uduvi wawili, vinachezacheza. Na kwenye glasi kuna minyoo bapa yenye kichwa cha pembetatu.

#23 (mwanzisha uzi)

Vya puani vinaelekea kuwa Scutariella, kimelea kidogo. Kijiko kikubwa cha chumvi ya akwaria isiyo na iodini kwenye kikombe cha maji ya tenki, mtumbukize mwenye dalili sekunde 30 hadi 60, mrudishe. Magamba yao yatoe safari hii, kwa sababu mayai ya kimelea hubaki humo. Ni wakati pekee ninaoshauri kuyatoa.

Minyoo ni planaria, nayo huwinda watoto na hata mkubwa aliyetoka kujivua. Ikiwepo kwa wingi maana yake chakula kinazidi. Tenki la uduvi ishirini linatosheka na kipande kidogo mara mbili au tatu kwa wiki, na kisichoisha baada ya saa tatu kitolewe. Tega kwa kichupa chenye chambo usiku. Ikishindikana kuna fenbendazoli, dawa ya minyoo, uduvi wanaivumilia, ila inaua konokono wengi na hukaa tenkini muda mrefu.

#24 (yule wa #18)

Narudi wadau. Gapi niliwahamisha siku ile ile, maji sikugusa zaidi ya kujazia yaliyokauka. Leo asubuhi mama hana mayai, nikaingiwa na hofu. Nikakaa na tochi karibu na mosi. Nimehesabu tisa! Wapo wanaotembea juu ya jani la mkungu, wengine kwenye sponji, wanapitisha mwanga na rangi imeanza kidogo tu mgongoni. Nilisafishe tenki ili wasiugue?

#25 (mwanzisha uzi)

Usisafishe chochote. Ukiwaona tisa, jua wapo zaidi. Uchafu mwepesi ulio chini na ule utando kwenye glasi ya nyuma ndio chakula chao cha wiki hii. Futa glasi ya mbele tu ili upate kuwaona. Ukipenda ongeza chembe ya chakula cha unga, kiasi cha ncha ya kiberiti, kisambae tenki nzima, kwa sababu mtoto hatembei mbali kutafuta. Usifyonze changarawe kwa mwezi mmoja.

Kuanzia wiki ijayo anza kutafuta magamba yao chini ya mosi. Ni madogo mno, utahitaji ile tochi. Ukiyapata, tupe habari hapa, na uniwekee GH yako.